Jinsi ya Kuondoa Madoa Sugu kwenye Rangi ya Gari Mjini Mombasa

Doa lililogoma kutoka kwa sabuni na maji halitatoka kwa kusuguliwa zaidi. Litatoka likipatiwa kile kinacholiyeyusha. Lami huyeyushwa na mafuta, chokaa ya maji ya kisima huyeyushwa na asidi hafifu, utomvu hulegezwa na spiriti, na chembe za chuma zina dawa yake mahususi. Mwenye gari anayejua doa lake ni la nini hulitoa kwa muda mfupi na rangi ikabaki salama, ilhali anayeanza kwa kusugua huishia na doa lile lile pamoja na mikwaruzo ambayo haikuwapo asubuhi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya magari yanayoshinda na kulala nje hapa kwetu, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, ambako jua, upepo wa bahari, maji ya chumvi na kunguru huishambulia rangi kwa pamoja.

Fahamu unene wa kile unachokisafisha

Magari mengi yaliyomo barabarani leo yamepakwa rangi kwa matabaka. Chini kabisa kuna praima iliyoshikamana na bati, juu yake kuna rangi yenyewe, na juu ya vyote kuna tabaka linalopenya nuru na kung'aa, ambalo mafundi wetu huliita klia. Matabaka yote ya kiwandani kwa jumla huwa na unene wa takriban maikroni 100 hadi 150, yaani kama karatasi moja ya kuandikia, na klia peke yake mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50 tu. Kila unapopiga polishi unapunguza sehemu ya klia hiyo, na kilichopungua hakirudi. Kwa sababu hiyo utaratibu wote unaofuata unaanza na njia laini kabisa, na polishi inakuja mwisho, baada ya njia nyingine zote kushindwa.

Gari la zamani, au lile lililopakwa upya katika gereji ya mtaani, huenda halina klia. Ili kujua, chukua kitambaa cheupe, kitie polishi kidogo, kisha usugue mahali pasipoonekana, kwa mfano sehemu ya chini ya mlango. Kitambaa kikishika rangi ya gari, basi unagusa rangi yenyewe moja kwa moja na huna budi kuwa mpole maradufu. Kama gari limetoka kwa fundi wa rangi hivi karibuni, liache lipumue kwa wiki kadhaa kama fundi alivyoelekeza, na katika muda huo lioshe kwa maji na sabuni laini tu, bila spiriti, bila mafuta ya taa na bila nta.

Vitu vya kuwa navyo

Usinunue dawa nyingi kwa pamoja. Kwa madoa mengi ya hapa mjini unahitaji shampuu ya gari, ndoo mbili, vitambaa kadhaa vya maikrofaiba vilivyo safi, siki nyeupe, spiriti inayouzwa duka la dawa, mafuta ya taa kidogo na glavu za mpira. Dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, udongo maalumu wa kusafishia rangi na polishi laini hupatikana katika maduka ya vipodozi vya magari, na unaweza kuvinunua pale tu unapovihitaji.

Vipo vitu ambavyo ningependa viwekwe mbali kabisa na gari. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta yote na kuacha rangi kavu ikitazamana na jua. Waya wa kusugulia sufuria na upande wa kijani wa sponji ya jikoni hukwaruza klia kwa mpitisho mmoja. Dawa ya meno, ambayo wengi huisifu, ina chembe za kusugulia zilizotengenezwa kwa ajili ya meno, na hakuna anayejua ukali wake juu ya rangi ya gari. Soda ya kola ina asidi, ni kweli, lakini ina sukari nyingi pia, kwa hiyo unatoa doa moja na kuacha jingine linaloita sisimizi. Thina ni ya fundi wa rangi: huilainisha rangi iliyopakwa gereji kiasi cha kuifanya itoke pamoja na doa. Petroli nayo ni hatari ya moto kabla hata hatujafika kwenye habari ya rangi.

Kivuli kwanza, kisha maji

Fanya kazi hii asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi na moja, na gari liwe kivulini. Weka kiganja chako juu ya boneti. Kama huwezi kukiacha hapo kwa utulivu, bati bado ni la moto na dawa yoyote utakayoipaka itakauka kabla haijafanya kazi, ikiacha doa lake yenyewe. Gari lililotoka safari ndefu ya Voi au Malindi lipumzishwe hadi injini ipoe.

Lisuuze gari lote kwa maji kabla ya kuligusa na kitambaa. Vumbi la Mombasa lina mchanga na unga wa matumbawe, na ukipitisha kitambaa juu yake likiwa kavu umeshapiga msasa. Kama maji ni ya kununua kwa mkokoteni, mitungi mitatu ya lita 20 yatosha gari dogo ukiyapanga vizuri: mmoja wa kusuuzia vumbi kwa kopo kuanzia paa kushuka chini, mmoja uugawe katika ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa kila kinapochafuka, na wa mwisho wa kumalizia. Osha kutoka juu kwenda chini, na sehemu za chini ya milango ziwe za mwisho kwa kuwa ndizo zenye mchanga mwingi. Kausha kwa kitambaa kisafi badala ya kuliacha gari likauke lenyewe.

Sasa ndipo utakapoona ni madoa gani yamebaki. Tazama kila sehemu kutoka pembeni, macho yakiwa karibu na usawa wa bati, kisha vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole taratibu juu ya rangi iliyolowa. Mfuko huo huzidisha hisia ya mguso: rangi safi huteleza kama kioo, na palipo na chembe utasikia mikwaruzo midogo ambayo kidole kitupu hakiipati. Kisichoonekana kwa macho lakini kinasikika kwa mfuko kwa kawaida ni chuma, saruji au rangi ya kupuliza iliyopeperushwa na upepo. Kinachoonekana lakini hakisikiki kabisa kwa kawaida kimeshaingia ndani ya klia.

Kinyesi cha kunguru na popo

Hili ndilo doa la dharura. Mengine yote yanaweza kusubiri jioni. Kunguru wenye shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi wakaenea pwani yote, hulala kwa makundi juu ya miti na nyaya za umeme, na usiku popo wanaokula matunda huchukua zamu yao kwenye miembe na mikungu. Kinyesi kina asidi na vimeng'enya, lakini madhara yake makubwa huletwa na joto. Boneti jeusi lililoachwa juani saa saba mchana hupita digrii 60 za Selsiasi. Klia hulainika na kutanuka, kinyesi hukauka na kukakamaa juu yake, na jioni klia inapopoa na kusinyaa hujifinyanga kwa umbo la kile kilichokaukia hapo. Ndiyo maana alama hubaki hata baada ya kinyesi chenyewe kuondolewa: hapo hapana uchafu tena, pana bonde dogo ndani ya klia, na sabuni haijazi bonde.

Ukikitazama kwa karibu kinyesi cha kunguru kilichokauka, utaona katikati yake punje za mchanga, vipande vya maganda na hata chembe za mfupa, kwa kuwa ndege huyu hula jaani. Punje hizo ndizo zinazokwaruza rangi pale mtu anapokifuta kikavu kwa karatasi ya shashi. Fuata utaratibu huu:

1. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba kwa maji yenye matone machache ya shampuu, kikamue kidogo, kisha kilaze juu ya kinyesi bila kukibonyeza.
2. Kiache kwa dakika tano hadi kumi. Kama kinyesi ni cha jana, rudia na kitambaa kipya chenye maji ya uvuguvugu hadi donge lote lilegee.
3. Kinyanyue kitambaa kwa kukikunja kuelekea juu, ili donge libebwe badala ya kuburutwa, kisha umwagie maji safi mahali hapo.
4. Kikibaki kivuli chembamba, pitisha upande mwingine wa kitambaa kilicholowa kwa mwendo ulionyooka, na si wa mduara, bila nguvu.

Weka chupa ndogo ya maji yenye shampuu na vitambaa viwili ndani ya buti. Anayeegesha Mwembe Tayari au Kizingo mchana kutwa ataona faida yake ndani ya wiki ya kwanza, kwa sababu kinyesi kilichotolewa mapema hakiachi chochote.

Popo huleta tatizo la ziada, nalo ni rangi ya matunda. Kinyesi chenye zambarau, na zambarau zenyewe zinapoanguka, huacha alama ya urujuani kwenye gari jeupe. Baada ya kuosha, kitie kitambaa spiriti kidogo na ukiguse juu ya alama mara kadhaa. Isipotoka yote, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa duka la dawa ilazwe juu yake kwa kitambaa kwa dakika chache kivulini, kisha isuuzwe kabisa. Njia hiyo hiyo husaidia kwa michoro ya kahawia inayoachwa na majani ya mkungu yaliyolowa mvua na kukaukia juu ya boneti. Rangi za mimea hufifishwa na jua pia, kwa hiyo kivuli hafifu kinachobaki kiache siku kadhaa kabla ya kufikiria polishi.

Pete nyeupe za maji ya kisima

Maji ya mfereji yanayotoka Mzima, Marere na Baricho hayafiki kila nyumba kila siku, na wengi wetu huosha magari kwa maji ya kisima. Mji huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao kwa sehemu kubwa ni chokaa, na kisima kilicho karibu na bahari huvuta chumvi pia. Tone la maji hayo likikaukia juu ya rangi huacha pete nyeupe. Chumvi iliyomo haina ubishi, kwa kuwa huyeyuka tena ukiisuuza. Kinachong'ang'ania ni chokaa, na chokaa haisikii sabuni hata ya aina gani.

Changanya siki nyeupe na maji safi kwa kipimo sawa. Lowesha kitambaa kwa mchanganyiko huo, ulaze juu ya pete, usubiri dakika moja au mbili, kisha ufute taratibu na usuuze mara moja. Fanya sehemu ndogo, mlango mmoja au nusu ya boneti, ili siki isikauke. Pete zikipungua bila kwisha, rudia mara ya pili badala ya kuongeza ukali wa siki. Ndimu iliyochujwa hufanya kazi hiyo hiyo, lakini mimi huchagua siki, kwa sababu nguvu yake iko vile vile katika kila chupa ilhali ndimu hutofautiana, na nyama yake husalia kwenye maungio ya bati. Epusha siki na alumini tupu na mapambo ya kromu, na popote ilipogusa pasuuzwe vizuri. Usithubutu kuichanganya, wala kuitumia kwa kitambaa kimoja, na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Pete ambazo zimebaki baada ya siki, ambazo kidole hakizisikii na zinaonekana tu ukitazama kwa pembeni, zimeshachimba klia. Hizo ni kazi ya polishi, na zitazungumziwa mbele.

Dawa bora ya pete ni maji ya mwisho. Kama huna budi kuosha kwa maji ya kisima, osha nayo, lakini mtungi wa kumalizia uwe wa maji ya mfereji au ya mvua, kisha kausha upesi. Wakati wa masika na wa vuli ni rahisi kukinga pipa moja kwa ajili ya gari. Acha mvua ya mwanzo ioshe mabati kwanza, kwani maji yanayotangulia hubeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege wale wale. Kwenye kawoshi muulize kijana anayeosha maji yake yanatoka wapi, na kama ni ya kisima mwombe alikaushe gari lako papo hapo kabla hajalishika jingine.

Chembe za chuma

Gari jeupe linaloonekana lina vidoa vidogo vya kahawia, kila kimoja kikiwa na duara hafifu la kutu kando yake, kwa kawaida halijaanza kuoza. Hivyo ni vipande vidogo vya chuma vilivyotua vikiwa vya moto au vikichongoka, vikajipachika ndani ya klia, kisha vikashika kutu kwa unyevu wa bahari. Hutoka kwenye breki za magari, kwenye reli, na hasa kwenye karakana za kuchomelea mageti, ambako diski ya kukatia chuma hurusha cheche hadi ng'ambo ya barabara. Magari yaliyotumika yanayoingia kutoka Japani huwa nayo mara kwa mara, kwa kuwa yamekaa melini, gatini na kwenye yadi karibu na mitambo na reli kabla ya kufika kwa mnunuzi. Mtu anayechukua gari yadini na alipitishe kwenye hatua hii kabla ya jambo jingine lolote la urembo.

Osha gari, likaushe kiasi, vaa glavu, kisha nyunyiza dawa ya chuma kivulini mahali penye hewa. Ndani ya dakika chache utaona kila kidoa kikianza kutoa mchirizi wa zambarau unaoteremka ubavuni mwa mlango. Hiyo ni dawa inavyoshikana na chuma na kukigeuza kiweze kuoshwa kwa maji. Harufu yake ni nzito, kama ya yai viza, na ni ya kawaida. Usiiache ikauke. Suuza kwa maji mengi kabla ya muda ulioandikwa kwenye chupa kwisha, na kama vidoa vingine vimebaki rudia siku nyingine. Pasipotokea zambarau yoyote, basi kilichopo si chuma, na kuongeza dawa ni kuitupa.

Tofautisha vidoa hivi na kutu inayotoka ndani. Rangi ikiwa imevimba kama lengelenge, au kutu ikiwa inachuruzika kutoka kwenye jeraha la jiwe, hilo ni bati linaloliwa, na hewa ya bahari haitalipa nafasi. Hapo hakuna cha kusafisha. Mpelekee fundi wa bodi akwangue hadi chuma kisafi, apake kizuia kutu, praima na rangi, na uende mapema kabla tundu halijapanuka.

Utomvu, na kile kinachodhaniwa kuwa utomvu

Gari lililolala chini ya mwembe huamka na matone yanayonata, na watu huyaita yote utomvu. Mengi ya matone hayo, yale madogo madogo yaliyotapakaa sawasawa paa zima, ni maji ya sukari yanayotolewa na wadudu wadogo wanaonyonya majani. Sukari hutoka kwa maji ya uvuguvugu na shampuu, bila dawa yoyote. Ikiachwa, ukungu mweusi huota juu yake na kulifanya gari lionekane limepakwa masizi; hata hapo maji ya uvuguvugu, kitambaa kilicholazwa na subira ndivyo vitakavyoanza kazi. Gundi ya mwarobaini nayo hulainika kwa maji ukiipa muda.

Utomvu wa kweli wa mwembe hudondoka palipokatwa tawi au palipochumwa embe, tone moja moja, na ukikauka huwa mgumu na wenye rangi ya asali iliyoungua. Utomvu huu huwasha hata ngozi ya mtu, kwa hiyo vaa glavu. Tia spiriti kwenye kitambaa, kilaze juu ya tone kwa nusu dakika, kisha ulizungushe tone kwa kidole juu ya kitambaa bila kukandamiza, ukibadili upande wa kitambaa kila unaposhika rangi. Tone nene sana lipunguzwe kwanza kwa ncha ya kadi ya plastiki iliyoshikwa kwa ulalo, baada ya kulainika. Mwisho osha mahali hapo kwa shampuu.

Lami, gundi na saruji

Lami hurukia nyuma ya magurudumu, hasa unapopita barabara inayotengenezwa, na joto la hapa huifanya irukie kwa urahisi. Jaribu kwanza mafuta ya kupikia: yapake, subiri robo saa, futa. Yasipofaa, tia mafuta ya taa kwenye kitambaa, kamwe usiyamwage juu ya gari, gusa kila kidoa hadi kiyeyuke, kisha osha kwa shampuu mara mbili ili utando wa mafuta usibaki kuvuta vumbi. Usiyapeleke kwenye mipira ya milango wala kwenye plastiki nyeusi za bampa, na asiwepo mtu anayevuta sigara wala jiko lililowashwa karibu.

Gundi ya stika hulegea kwa joto la draya ya nywele, ukivuta stika kwa pembe yake taratibu, na mabaki hufutwa kwa mafuta ya kupikia kisha spiriti. Mwenye matatu au tuktuk yenye michoro ya kubandika asitumie spiriti wala mafuta ya taa juu ya michoro hiyo, kwani wino hutoka pamoja na doa.

Unga wa saruji au wa klinka, yaani malighafi ya saruji, kutoka kwenye malori yanayotoka bandarini hauna shida ukiwa mkavu: uondoe kwa maji mengi siku hiyo hiyo, bila kuugusa kwa kitambaa. Umande wa usiku ukiukuta juu ya rangi, huanza kuganda. Uliokwisha kuganda huloweshwa kwa mchanganyiko ule ule wa siki, mara nyingi na kwa muda mfupi kila mara, hadi ulegee na kumomonyoka. Asijaribu mtu kuubandua kwa kisu.

Udongo wa kusafishia rangi

Ikiwa baada ya yote hayo mfuko wa plastiki bado unasikia chembe, sasa tumia udongo maalumu. Chukua kipande kinachotosha vidole vitatu, kikande hadi kiwe bapa, nyunyiza maji yenye shampuu juu ya bati hadi pateleze, kisha ukipitishe mbele na nyuma bila kukisukuma. Uzito wa vidole unatosha. Mwanzoni utasikia mkwaruzo, na unapokoma kusikika mahali hapo pamekuwa safi. Kunja udongo ndani kila baada ya sehemu ndogo ili uso mpya utokeze. Udongo ukianguka chini, hata kwenye sakafu inayoonekana safi, utupe. Mchanga ulioushika hautoki, na ukiurudisha kwenye gari utachora mistari kutoka taa hadi taa.

Polishi, pale tu inapolazimu

Mabonde ya kinyesi na pete za maji zilizochimba huondolewa kwa kushusha klia iliyozunguka hadi usawa wa shimo. Pima kwanza kwa ukucha: upitishe taratibu juu ya alama, na kama ukucha unanasa, kina ni kikubwa mno kwa polishi na huenda ukaimaliza klia kabla ya kufika chini ya alama. Hapo ni afadhali kuiacha alama au kumwona fundi mwenye kifaa cha kupimia unene wa rangi.

Kama ukucha haunasi, anza na polishi laini kuliko zote na sponji laini, katika sehemu ya mraba wa sentimita 30 hivi. Tia kiasi cha punje tatu za mahindi, sugua kwa mistari inayopishana, kwenda na kurudi kisha juu na chini, hadi polishi ikaribie kuwa angavu. Futa kwa kitambaa kisafi, kisha pitisha spiriti iliyochanganywa na maji kiasi sawa ili kuondoa mafuta ya polishi, kwa sababu mafuta hayo huficha alama na kukudanganya kuwa imekwisha. Itazame kwa mwanga wa tochi kutoka pembeni. Ikiwa imepungua kwa kiasi ambacho hakionekani ukisimama hatua mbili, acha hapo. Kuifuatilia hadi iishe kabisa ni kutumia klia ambayo mwakani utaihitaji. Kaa mbali na kingo za boneti na mikunjo ya milango, ambako rangi huwa nyembamba zaidi kuliko kwingine. Mashine ya mzunguko mmoja yenye kasi kubwa iachie fundi aliyeizoea, kwani hupasha joto bati na kuchoma klia kwa sekunde chache. Anayejifunza atumie ile inayotikisika huku ikizunguka.

Kuifunika rangi upya

Spiriti, siki, udongo na polishi vyote huondoa kinga iliyokuwapo, kwa hiyo rangi isilale usiku mmoja nje ikiwa tupu. Paka nta au kinga ya sintetiki siku hiyo hiyo, kivulini, kwa utando mwembamba, uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Kwa jua letu napendelea kinga ya sintetiki kwa sababu hudumu kwa miezi, ilhali nta asilia hung'aa vizuri lakini huisha upesi zaidi kwenye boneti na paa. Sehemu hizo mbili, pamoja na kifuniko cha buti, ndizo zinazopigwa na jua na ndege kwa pamoja, kwa hiyo zipewe utando wa pili hata kama milango umeipaka mmoja tu. Baada ya hapo kila unapoosha gari tazama maji yanavyokaa juu ya boneti: yakiwa bado yanajikusanya kwa matone ya mviringo, kinga ipo, yakianza kutandaa na kulowesha bati lote, paka tena kabla ya kuegesha chini ya mwembe.